Ndugu wa Tumbo Moja

Zile mvua kubwa zilizong'oa madaraja na kugeuza mabonde kuwa maziwa ndizo zilizompandisha Hilary Hhando mlimani kumtafuta mtamba wake aliyepotea. Mtamba alirejea kesho yake, peke yake, akiwa ameshiba. Hilary hakurejea.

Natalia, mkewe, alibaki Masakta na watoto wawili, Onesphory na Violeth, akamsubiri. Katika miaka ya kungoja kwake chama cha ushirika kilikufa, mashine za kusaga za watu binafsi zikaota kila njia panda, minara ya simu ikasimama vilimani, na mkoa wa Arusha ukagawanywa, Mbulu na Hanang zikaangukia mkoa mpya wa Manyara. Natalia akahamishwa mkoa pasipo kuhama nyumba. Kitu ambacho serikali haikuweza kukihamisha ni hali yake. Hakuwa mke, kwa kuwa mume hayupo. Hakuwa mjane, kwa kuwa kaburi halipo. Kanisani alikaa na wake za watu, na kila mwaka wake za watu walisogea kidogo.

Ndipo wakata miti wakaiona mifupa katika korongo upande wa juu wa mlima. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika zamani na kuungwa vibaya, umepinda kama mpini wa jembe uliochongwa na mlevi. Masakta nzima iliujua mguu ule. Hilary alianguka ujanani kutoka juu ya paa la kanisa alilokuwa akiliezeka bure, na aliyemwunga alikuwa fundi baiskeli.

Polisi hawakutosheka. Walisema miguu iliyovunjika ni mingi, na kwamba katika mvua zile zile alipotea pia mrina asali mmoja wa upande wa Singida. Na mrina asali ni mtu ambaye kuanguka ni sehemu ya kazi yake. Mifupa haitatolewa mpaka ijulikane ni ya nani.

Aliyeonyesha njia alikuwa Dokta Kissa, tabibu aliyeletwa Katesh kutoka Rungwe, mwanamke mpole mwenye sweta la kijani alilolivaa hata juani. Alisema iko maabara iwezayo kuilinganisha mifupa na mate ya ndugu. Akataja ndugu anayefaa: awe wa upande wa mama, kaka au dada wa tumbo moja na marehemu, au mtoto wa dada huyo. Kisha akaitwa kwenye semina, akamwachia kazi muuguzi.

Wazee wa ukoo walikutana kwa Natalia. Kiti cha mbele alikikalia Margwe, kaka mkubwa wa Hilary. Baba yao, Mzee Hhando, alioa wake wawili kabla ya ubatizo na akabaki nao baada ya ubatizo kwa ruhusa yake mwenyewe. Mke mkubwa alimzaa Margwe. Mke mdogo aliwazaa Hilary na Marieta. Jambo hili kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka, kwa maana katika ukoo ule kumwambia mgeni kwamba ndugu wawili wana mama mbalimbali ni sawa na kumwonyesha ufa wa nyumba. Mtu aliulizwa baba, mama hakuulizwa.

Natalia hakuitwa kikaoni. Alikuwa nje, upande wa pili wa ukuta, akikoroga uji wa wazee, na ukuta wa udongo hauna siri.

"Dokta ametaka ndugu wa upande wa mama," alisema Margwe.

"Basi ni Marieta," akajibu Sulle. Huyu alikuwa mzee aliyekata mkonge Tanga ujanani mwake na kurudi na methali nyingi na kifua kibovu.

"Marieta ni mke wa watu, huko Bashay. Mifupa ya ukoo wetu iombwe na mke wa watu? Kesho watasema na kaburi lichimbwe Bashay."

Wazee waliguna kwa namna ya kukubali. Yalikuwapo pia mengine. Marieta hakuwa amekanyaga Masakta tangu matanga ya mama yake, na sababu yake ilijulikana na ukoo mzima.

"Tunaye Onesphory," akaendelea Margwe. "Mwana mwenyewe wa kumzaa. Tumpeleke yeye, na tukiulizwa tuseme ni mdogo wake Hilary, tumbo moja."

"Tutakuwa tumedanganya," alisema Sulle.

"Tutakuwa tumezidisha. Wao wametaka ndugu, sisi tumewapa mwana. Aliyeomba mbuzi akapewa ng'ombe, amepunjwa wapi?"

Hoja hiyo haikupata wa kuipinga. Onesphory, kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye masikio yaliyokaa mbali na kichwa kama ya mtu anayengoja habari, alipelekwa Katesh. Muuguzi alimsugua ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, akaandika alivyoambiwa. Natalia alimwuliza mwanawe walichomfanya. Alijibu kwamba wamemfuta mdomo.

Majibu yalikuja mahindi yakiwa yamebeba. Dokta Kissa, aliyekuwa amerudi, alimwambia Margwe kwa upole: kama kijana huyu ni ndugu wa tumbo moja na Hilary, basi mifupa si ya Hilary, maana hawatoki katika mama mmoja.

Margwe alipanda basi kurudi nyumbani, akalifikiri neno hilo njia nzima, na akili yake haikuwa mbovu. Mifupa ni ya Hilary; mguu ule haukuwa na wa pili duniani. Kipimo kimesema mifupa na kijana si damu moja. Basi kilichobaki ni kijana.

Hakulitamka kwa hasira. Alilitamka mbele ya wazee kwa sauti ya mtu anayetangaza siku ya chanjo ya ng'ombe. Akaongeza kwamba hadi hapo ukweli utakapojulikana, Onesphory asilime lile shamba la bondeni, wala siku ya mazishi, ikiwapo, asiweke udongo kaburini; udongo wa kwanza ni wa mwana.

Natalia aliingia ndani. Hakuwa amewahi kuingia katika kikao cha wazee, na kwa sababu hiyo hapakuwa na kanuni ya kumtoa.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba."

"Shemeji, nimesikia."

"Si mimi niliyesema, mama Onesphory. Ni maabara."

"Maabara hainijui. Wewe umekula kwangu tangu nilipoolewa." Alishusha sauti. Alikuwa ameshaona kwamba mwanamke akipaza sauti kikaoni, kinachojadiliwa baadaye ni sauti. "Ninaomba jambo moja. Mizani ikitiliwa shaka, huwekwa juu yake kitu ambacho uzito wake unajulikana. Katika ukoo huu mtu asiyetiliwa shaka na yeyote ni wewe. Nenda nawe ukafutwe mdomo. Kipimo kikikukubali wewe na kumkataa mwanangu, nitafunga mizigo yangu mwenyewe, na hamtanisikia."

Margwe alitazama huku na huku. Lilikuwa ombi lenye heshima ndani yake, na heshima ilikuwa kitu alichokipenda.

"Nitakwenda," alisema.

Huko Katesh Dokta Kissa alimpokea mwenyewe. Akamwuliza kama yeye na Hilary ni ndugu wa tumbo moja.

Margwe aliinua kidevu. Mgeni alikuwa anauliza habari ya ufa.

"Mimi na Hilary," alijibu, "ni mtu mmoja."

Dokta akaliandika hilo kuwa ndiyo.

Mara ya pili majibu hayakumngoja mtu Katesh. Dokta Kissa aliyaleta mwenyewe Masakta, amepakiwa kwenye pikipiki, sweta limejaa vumbi. Wazee walikusanyika. Natalia safari hii alipewa kigoda karibu na mlango, kwa kuwa hapakuwa tena na maana ya kumweka nyuma ya ukuta.

"Mzee Margwe," alisema Dokta baada ya salamu, "nawe pia hapana."

"Hapana nini?"

"Wewe na mifupa ile hamtoki katika mama mmoja."

Kuku aliingia, akazunguka chini ya viti, akatoka. Wazee walimtazama Margwe, kisha wakatazama sakafu. Kwa hesabu waliyoifanya wao wenyewe katika chumba kile kile, mwenyekiti wao hakuwa mtoto wa Mzee Hhando. Mama yake alikuwa amelala makaburini, mwanachama wa chama cha akina mama wa parokia, msalaba wake wa saruji.

Natalia hakucheka. Alisema tu, "Basi shemeji, tufunge mizigo pamoja."

Sulle alikohoa, na mara hii haikuwa kifua. "Dokta, mwanangu. Hebu tuambie. Kipimo hiki kinauliza nini hasa?"

"Kinauliza mama."

"Mama tu?"

"Mama tu, mzee. Nilisema tangu mwanzo: ndugu wa upande wa mama."

"Tulisikia. Tulidhani ni adabu ya kwenu."

Dokta Kissa alivua sweta kwa mara ya kwanza tangu alipofika wilayani, akalikunja magotini.

"Ndani ya kila chembe ya mwili," alisema, "mna majiko madogo mengi sana. Kitaalamu huitwa mitokondria. Ndiyo yanayounguza chakula tukapata nguvu ya kutembea, hata ya kukaa kikao. Majiko haya yana vinasaba vyake, mbali na vinasaba vile vingine ambavyo mtu hupewa nusu na baba, nusu na mama. Mifupa ikilala mvuani na juani miaka mingi, vile vingine huharibika. Vya majiko, kwa wingi wake, huweza kusalia. Maabara imesoma hivyo."

"Na majiko hayo mtoto anapewa na nani?"

"Na mama yake. Peke yake."

"Baba hana?"

"Anayo, mzee; naye alipewa na mama yake. Hata mbegu yake inayo machache, ya kuisukuma safarini. Lakini ikishaingia katika yai, yai huyaondoa."

"Huyaondoa vipi?"

"Huyavunjavunja yakaisha."

Wazee walilitafakari hilo. Ilikuwa habari nzito kwa watu waliotoa mahari.

"Bila hata shukrani?" aliuliza Sulle.

"Bila hata shukrani."

"Kwa hiyo Hilary alikuwa na jiko la mama yake."

"Ndiyo. Na Onesphory ana la Natalia. Mwanamume hubeba jiko maisha yake yote, lakini hampi mtoto wake. Hufa nalo. Mwana yeyote wa Hilary, hata angekuwa anafanana naye kama kivuli, asingelingana na mifupa ile kwa kipimo hiki."

"Nami nina la mama yangu," alisema Margwe polepole.

"Ndiyo, mzee. Mama yenu si mmoja, sivyo?"

Mkono wa Margwe ulikuwa umeshika ukingo wa kiti kama mtu aliyepanda mkokoteni katika mteremko. Sulle ndiye aliyejibu, akitazama mlangoni. "Baba yao alikuwa na nyumba mbili."

"Basi hakuna kilichoharibika," alisema Dokta. "Lakini nisikilizeni vizuri, msije mkasema nimesema nisichosema. Kipimo hiki hakimshtaki mama huyu, wala hakimtetei. Habari ya baba wa Onesphory hakikuulizwa, wala hakiwezi kuijua."

"Kwa hiyo kuhusu baba wa mtoto," aliuliza Sulle, "tubaki tunaamini kama tulivyokuwa tunaamini zamani?"

"Kwa kipimo hiki, ndiyo."

"Kwa neno la mama yake."

"Ndiyo, mzee."

"Kama sisi wote hapa."

Dokta Kissa alitazama nyuso za wazee, moja baada ya nyingine. "Kama ninyi wote hapa," alisema.

"Tanga walikuwa na msemo," alisema Sulle. "Kitanda hakizai haramu. Nilidhani ni msemo wa kuwasaidia wanawake. Sasa naona ulikuwa wa kutusaidia sisi."

Shamba la bondeni lilirudishwa kwa Onesphory kabla ya uji kupoa. Lakini mifupa ilikuwa bado ya polisi. Na aliyebaki duniani kutoka katika lile tumbo alikuwa mmoja tu.

Ugomvi wa Natalia na Marieta ulikuwa juu ya jiwe la kusagia. Bibi mzaa mama wa Marieta alimpa mama yake, na mama huyo, alipokuwa anakata roho, alilitazama jiwe kisha akamtazama Marieta. Siku ya pili ya matanga Marieta alitaka kuondoka nalo. Natalia akasema haliondoki. Nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji na unga umekwisha. Kila mmoja alikuwa na haki, na ndiyo maana hawakupatana. Waombolezaji walikula, wakaondoka, jiwe likabaki. Kila asubuhi kwa miaka yote hiyo Natalia alisagia ulezi wake juu yake, hata baada ya mashine kufika, na kila asubuhi alijua ni la nani.

Alilitia jiwe katika gunia, la chini na la juu, akamtwisha Onesphory mpaka barabarani. Kondakta wa basi la Mbulu aliuliza kama ndani mna mtu. Natalia alisema bado.

Bashay walimkuta Marieta akianika maharage uani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mama wa wavulana watano. Hakusimama.

"Shikamoo, wifi," alisema Natalia.

"Marahaba."

"Shikamoo, shangazi," alisema Onesphory.

"Marahaba, baba." Akaligeukia gunia. "Umebeba nini?"

"Chako," alisema Natalia.

Onesphory alilifungua gunia. Marieta alipitisha kiganja juu ya jiwe, pale katikati palipozama.

"Limelika."

"Limelika, wifi. Nimewasagia watoto wa kaka yako."

"Nimesikia kwamba maabara inasema si wa kaka yangu. Habari hufika hata Bashay."

"Ilifika nusu. Nusu ya pili nimeileta mimi."

Natalia akamweleza: majiko, mifupa, mama. Marieta alisikiliza akiendelea kuchambua maharage, mabovu kushoto, mazima kulia. Mwisho alimtazama kijana.

"Geuka," alimwambia. Onesphory akageuka. "Masikio hayo niliyavuta mimi nikiwa na miaka mitano, yakiwa juu ya kichwa cha Hilary. Pamba yenu haikuhitajika kwa hilo."

"Kwa hilo hapana," alisema Natalia. "Tunakuhitaji kwa Hilary mwenyewe. Nataka kumzika, wifi. Nimechoka kuwa mke wa korongo."

Mkono wa Marieta ulisimama juu ya maharage.

"Nitatoa mate," alisema. "Lakini Margwe aniite yeye. Aseme kwa kinywa chake mimi ni nani, na yeye ni nani."

Ujumbe ulifika Masakta. Margwe alikaa nao tangu asubuhi hadi jua la mchana, akimwangalia ng'ombe mmoja tu katika zizi. Alikuwa amekwisha kusemewa na Sulle. Kusema mwenyewe kulikuwa jambo lingine. Kisha akaazima simu, akapanda kilima chenye mtandao, na kwa kuwa kupanda kilima na simu halikuwa jambo la kila siku, watu walimfuata. Huko Bashay Marieta alikuwa amepewa simu ya mwanawe. Natalia alikaa kando yake, akasikia kila neno.

"Marieta," alisema Margwe. "Wewe ni ndugu wa Hilary, tumbo moja."

"Na wewe?"

Upepo ulisikika kwenye simu.

"Mimi ni wa mama mwingine."

"Sisikii," alisema Marieta.

"Mimi ni wa mama mwingine!"

"Mtandao mbaya. Rudia."

Margwe alirudia kwa sauti iliyoufikia mteremko wote, na watoto waliokuwa wakichunga mbuzi bondeni wakainua vichwa. Marieta akasema sasa amesikia, akamshukuru, akamrudishia mwanawe simu. Mtandao wa Bashay siku hiyo ulikuwa safi kama maji ya mtungi.

Mate ya Marieta yaliafikiana na mifupa. Polisi waliitoa ikiwa katika sanduku la mbao, nayo ikazikwa Masakta, chini ya mlima, ubavuni mwa kaburi la mke mdogo wa Mzee Hhando. Marieta hakukaa na wageni. Aliwekewa kiti mbele, karibu na Margwe, na wote wawili walitazama mbele kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho. Padri alipomaliza, Marieta ndiye aliyechota udongo kwa koleo. Akamkabidhi Onesphory koleo pamoja na udongo wake.

"Weka, baba," alisema. "Huyu ni wako."

Onesphory akaweka. Natalia alilia hapo, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akiwa sasa na kaburi la kulilia. Wanawake walimzunguka wakampa pole, naye akazipokea zote, moja moja, kama mtu anayelipwa malimbikizo.

Watu walipotawanyika, gari la kukodi lililomleta Marieta lilisogezwa hadi mlangoni kwa Natalia. Wanawe wawili wakashusha gunia.

"Wifi," alisema Natalia, "hilo nililileta kwako."

"Ulilileta, nikalipokea. Sasa ni langu, nami nalipeleka nipendapo." Marieta alijifuta vumbi. "Nina wavulana watano, na wake zao wote wanakwenda mashine. Hapo kwangu limekuwa kigoda cha kuku."

Sulle, aliyekuwa ameketi kizingitini na bakuli lake, aliinua kichwa. "Marieta, huna binti. Lile jiko la mama yenu, alilosema Dokta, linaishia kwako?"

"Wanangu wanalo. Kwa wanangu ndipo litakapozimika, kama lilivyozimika kwa Hilary." Alilisema bila kulitilia huzuni wala furaha. "Lile hakuna aliyeniuliza nimpe nani. Jiwe nimeulizwa."

Akamwita Violeth, binti wa Natalia, aliyekuwa akiosha masufuria. Violeth alikuja akikausha mikono kwa kanga.

"Lioshe kwanza," Marieta alimwambia. "Lina kinyesi cha kuku."